Wakati wa theluji: namna ndugu zetu wanaishi baridi ya Kanada

Watu wengi wa Ituri walivuka Ziwa Albert kukimbilia Uganda, zaidi mwaka 2018, na wengi wao walifikia kambi ya Kyangwali. Kutoka kambi za Uganda, jamaa zingine zilipelekwa mbali zaidi: Marekani, Kanada, Ulaya. Huku kwetu, Bunia, Komanda ao Nyankunde, mwezi wa kumi na mbili ukifika lalamiko linakuwa lile lile: mtoto wetu ametusahau, simu hashike, hata ya Noeli hakutuma kitu. Mara nyingi sababu ni majira ya baridi, na mtu mwenye hajayaishi hawezi kuyawaza.

Tuchukue mji wa Winnipeg, katikati ya Kanada. Wakongomani wako kule, na mji uko na mtaa wa zamani wa wasema Kifaransa, Saint-Boniface. Baridi yetu ya Bunia ni ile ya asubuhi ya mvua, digrii 15 ao 16, mtu anavaa triko, saa nne anaivua. Kule Winnipeg usiku wa Januari kipimo kinashuka digrii 20 chini ya sifuri, siku zingine 30. Mto Red, wenye unapita ndani ya mji, unaganda mpaka watu wanatembea juu yake. Waza Shari imekuwa barabara!

Lakini wengi wanasema giza ndiyo inasumbua kupita baridi. Kwetu, karibu na ikweta, mchana ni saa 12 mwaka mzima. Winnipeg, mwisho wa Desemba, jua linatoka karibu saa mbili na nusu ya asubuhi na linazama saa kumi na nusu. Mtu wa kazi anatoka nyumbani giza, anarudi giza. Usingizi unakuwa mwingi, moyo unakuwa mzito, na wenye wako peke yao wanaumia zaidi, juu hakuna kukaa inje na majirani: kila mtu amefunga mlango wake. Waganga wanashauri vitamini D, maana ngozi nyeusi inahitaji jua nyingi zaidi ili kuitengeneza.

Wakimbizi wenye wamekubaliwa Kanada wanapewa masomo na OIM mbele ya kupanda ndege, na baridi iko ndani ya masomo hayo. Mambo yenyewe si magumu: nguo nyepesi kadhaa moja juu ya ingine zinapita koti moja nzito, buti zisibane, soksi zikilowa zibadilishwe, masikio na vidole vifunikwe. Upepo ukifanya baridi isikike sawa digrii 30 chini ya sifuri, ngozi yenye haijafunikwa inaweza kuganda ndani ya dakika 10 mpaka 30. Inakuwa nyeupe, inakufa ganzi, na mtu hasikii maumivu. Hiyo ndiyo hatari yake. Usiisugue, na usiitie theluji.

Nyumba zenyewe ziko na moto, watoto wanaweza kuvaa shati tu ndani. Si kila inchi iko vile. Japani nyumba nyingi zinapashwa chumba kimoja tu, chenye watu wako, na jamaa inaingiza miguu chini ya meza fupi yenye blanketi na moto wa umeme, inaitwa kotatsu. Kupata joto kule ni kukaa pamoja, na hiyo sisi tungeielewa haraka.

Jambo moja linaua: kuingiza mbabula ya makala ndani ya nyumba yenye madirisha yamefungwa. Gazi yake haina harufu wala rangi, mtu analala na haamuki. Ndiyo maana kule wanaweka ukutani kidude chenye kinalia gazi hiyo ikizidi. Na hapa kwetu pia, usiku wa mvua, mbabula ilale inje.

Sasa makuta. Serikali ya Kanada inasaidia mkimbizi yenye imemleta kwa kawaida mpaka mwaka mmoja, kisha anajitegemea, na wengi wanabaki na deni la safari ya ndege, wanalipa pole pole. Majira ya baridi ndiyo fakture ya moto inapanda, watoto wamekua na buti za mwaka jana haziingie tena, gari inachomekwa kwenye umeme usiku ili injini iwake asubuhi. Desemba, kwetu mwezi wa kupokea, kule ni mwezi wa kulipa.

Na saa za simu. Saa sita ya mchana Bunia, wakati wa baridi, Winnipeg ni saa kumi ya usiku. Ukipiga na hakushika, amelala. Jaribu saa tatu ya usiku ya kwetu: kule ni saa saba ya mchana, na siku ya yenga wengi hawako kazini. Toka yenga ya pili ya Machi wanasukuma saa zao mbele, tofauti inabaki saa saba.