Talaka Zilizohifadhiwa Kwenye Masjala za Kaunti

Septemba 1793, katika mji mdogo wa Harrodsburg, Kentucky, mahakama ya kaunti ya Mercer ilimpa Lewis Robards talaka dhidi ya mkewe Rachel. Karani aliandika, shauri likaisha. Shida ni kwamba kwa wakati huo Rachel alikuwa ameshaishi miaka kadhaa kama mke wa mtu mwingine, wakili kijana wa Nashville aliyeitwa Andrew Jackson. Wawili hao walishika habari kwamba bunge la Virginia, ambalo wakati ule ndilo lililotawala Kentucky, lilikuwa limevunja ndoa ya kwanza mwishoni mwa 1790. Bunge halikuwa limevunja kitu. Lilikuwa limempa mume ruhusa ya kwenda kushtaki mahakamani, basi. Ruhusa hiyo ilisafiri msituni kwa midomo ya watu, na ilipofika kwa Rachel ilikuwa imegeuka talaka.

Ukweli ulipojulikana, walifunga ndoa upya Januari 1794. Yangeishia hapo kama Jackson asingegombea urais. Mhariri wa gazeti mjini Cincinnati, Charles Hammond, alizifufua habari za talaka hiyo, na katika kampeni za 1828 Rachel aliitwa mzinzi mbele ya taifa zima. Jackson alishinda. Rachel alifariki Desemba 22 mwaka huohuo, mumewe akiwa bado hajaapishwa, na Jackson aliwalaumu wapinzani wake kwa kifo hicho mpaka alipoingia kaburini.

Kisa hicho kinaonyesha jambo ambalo Wamarekani wengi hulijua siku wanapohitaji karatasi tu: talaka ya Marekani haina makao makuu. Ndoa inavunjwa na mahakama ya jimbo inayokaa katika kaunti, na jalada linabaki palepale lilipofunguliwa. Kaunti, au maeneo yanayohesabiwa kama kaunti, ni zaidi ya 3,000. Ofisi za takwimu za majimbo mengi hutunza orodha au cheti kifupi chenye majina na tarehe, lakini hukumu yenyewe, ile inayosema nani amepewa watoto, nani amebaki na shamba na nani amerudishiwa jina la ubini, iko kwa karani wa mahakama. Serikali kuu haijawahi kuwa na daftari moja la walioachana.

Iliwahi kujaribu kuhesabu. Katika miaka ya 1880 wachungaji na wanasheria wa New England walipiga kelele kwamba familia inabomoka, na mwaka 1887 Bunge la Marekani lilimpa Carroll D. Wright, kamishna wa kazi, fedha za kufanya uchunguzi. Njia ilikuwa moja: kutuma watu waende mahakama kwa mahakama, wafungue madaftari, wahesabu. Kaunti nyingine hazikuwa na cha kuhesabu. Moto mkubwa wa Chicago wa Oktoba 1871 ulikuwa umeteketeza jengo la mahakama la kaunti ya Cook pamoja na kumbukumbu zake, na Chicago ilikuwa na sifa ya mji wa talaka. Ripoti ya 1889 ilitoa jumla ya talaka 328,716 kwa miaka ishirini, kuanzia 1867 hadi 1886. Kati ya hizo, 216,176 walipewa wake dhidi ya waume.

Hesabu hiyo ya pili ndiyo inayostahili kusomwa mara mbili. Wanawake wale hawakuwa na kura, na wengi wao hawakuacha kitabu wala barua iliyohifadhiwa. Walichoacha ni malalamiko yaliyoandikwa na wakili na kuapiwa mbele ya karani: mume ametoroka, mume anapiga, mume hajaleta unga nyumbani tangu msimu uliopita. Kwa mwanahistoria, rafu za talaka za kaunti ni miongoni mwa sehemu chache ambapo mke wa mkulima wa karne ya 19 anasikika akisema mambo yake mwenyewe.

Wright na watu wake walikuta pia sheria zinazotofautiana kutoka jimbo hadi jimbo. South Carolina, ukiacha miaka michache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, haikuruhusu talaka kabisa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1940. New York ilikubali sababu moja tu, uzinzi, hadi ilipobadili sheria mwaka 1966. Majimbo mengine yalikuwa na milango mipana, na wenye nauli wakaifuata. Indiana ilivutia wageni kwa sheria yake ya 1852 hadi ilipokaza masharti mwaka 1873. Kisha ikaja zamu ya Sioux Falls, Dakota Kusini, ambako siku 90 za ukaazi zilitosha. Askofu William Hobart Hare alipigana na biashara hiyo. Mwaka 1893 muda ukapanda kuwa miezi sita, na 1908 wapiga kura wakaupandisha hadi mwaka mzima. Wageni wakafunga masanduku na kuelekea magharibi zaidi.

Walifikia Reno, Nevada.

Mji huo ulipata jina mwaka 1906, pale Laura Corey, mke wa rais wa kampuni ya chuma ya U.S. Steel, alipokwenda kumshtaki mumewe huko. Sheria ilidai ukaazi wa miezi sita. Mwaka 1927 ikawa miezi mitatu, na Machi 1931 Gavana Fred Balzar akatia saini wiki sita, sambamba na sheria iliyohalalisha kamari. Nchi ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, migodi ya Nevada imelala, na jimbo lilihitaji wageni wenye fedha. Mahakama ya kaunti ya Washoe, jengo lenye nguzo nene na kuba lililochorwa na Frederic DeLongchamps na kukamilika mwaka 1911, ikawa kiwanda kikubwa cha mji. Kati ya 1929 na 1939 ilitoa talaka zaidi ya 30,000. Jirani yake palikuwa na hoteli ya Riverside, na wakili hakuwa mbali.

Jalada la Reno la miaka hiyo ni jembamba. Karatasi ya kwanza ni malalamiko, na sababu inayojirudia kuliko zote ni ukatili uliokithiri, ambao mara nyingi wakili aliongeza kuwa ni wa kiakili tu, ili asilazimike kueleza kofi wala kidonda. Kama mume amekubali, hufuata hati ya uwakilishi inayompa wakili wa Reno ruhusa ya kusimama kwa niaba yake, naye akiwa bado yuko ofisini kwake New York. Kisha mkataba wa kugawana mali. Mwisho hukumu, ukurasa mmoja au miwili. Katikati ya karatasi hizo kulikuwa na dakika chache kizimbani. Mwenye nyumba ya kupanga aliapa kwamba alimwona mdai kila siku kwa wiki sita. Mdai aliulizwa kama anakusudia kuifanya Nevada maskani yake. Alijibu ndiyo. Wengi walipanda treni muda mfupi baadaye.

Kiapo hicho ndicho kilichozaa kesi kubwa. Mtangulizi wake alikuwa Mwingereza, Earl Russell, kaka wa mwanafalsafa Bertrand Russell, aliyepata talaka Nevada mwaka 1900 na kuoa tena hukohuko. Uingereza haikuitambua talaka hiyo. Mwaka 1901 House of Lords ilimtia hatiani kwa kuoa mke wa pili akiwa na wa kwanza, akafungwa miezi mitatu.

Miaka arobaini baadaye, O. B. Williams, muuza duka wa Granite Falls, North Carolina, na Lillie Hendrix, mke wa mtu aliyekuwa karani wa duka hilo, walikwenda Las Vegas. Ilikuwa Mei 1940. Walikaa katika nyumba za kupanga za Alamo kwa wiki sita, kila mmoja akapata talaka yake katika kaunti ya Clark, wakaoana, wakarudi nyumbani. Jimbo lao likawashtaki. Mwaka 1942 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hukumu ya jimbo moja lazima iheshimiwe na jimbo jingine, ikafuta hatia. Walishtakiwa upya, safari hii kwa hoja kwamba hawakuwahi kuwa wakaazi wa Nevada kwa dhati, na mwaka 1945 mahakama hiyohiyo ikakubali waadhibiwe. Kwa uamuzi huo, watu wawili walikuwa mume na mke halali Las Vegas, na wahalifu nyumbani kwao. Ni vigumu kuliona hilo kuwa haki. Mahakama ilitoa hukumu, karani akaiweka muhuri, na mtu aliyeitegemea akaadhibiwa kwa kuitegemea.

Mvuto wa Reno ulikwisha kwa karatasi nyingine. Septemba 1969 Gavana Ronald Reagan wa California, ambaye mwenyewe aliwahi kupewa talaka na mwigizaji Jane Wyman, alitia saini sheria ya talaka isiyohitaji kuthibitisha kosa la mwenza. Ilianza kazi Januari 1, 1970. Majimbo mengine yalifuata, na hapakuwa tena na haja ya kuvuka nchi kutafuta jaji.

Majalada yalibaki. Anayetafuta talaka ya bibi yake leo huanza na swali moja: alikuwa anaishi kaunti gani wakati huo, au alisafiri wapi kuipata? Baada ya hapo ni faharasa. Madaftari ya zamani ni mapana, yana safu ya mdai na safu ya mdaiwa, na mara nyingi majina yamepangwa kwa herufi ya kwanza tu ya ukoo kisha kwa tarehe, kwa hiyo anayetafuta herufi M hupitia M zote. Wajuzi hutafuta pande zote mbili, kwa mume na kwa mke, na kwa jina la ndoa. Mary Pickford, nyota wa filamu aliyejulikana dunia nzima, alipata talaka yake Machi 1920 katika mji mdogo wa Minden, kaunti ya Douglas, mbali na waandishi wa Reno, akiwa ameshtaki kwa jina la ndoa la Moore. Mwanasheria mkuu wa Nevada alijaribu kuibatilisha. Mahakama kuu ya jimbo ilikataa mwaka 1922.

Namba ya shauri ikishapatikana, kilichobaki ni ada na subira. Waafrika Mashariki walioko Marekani wanalijua hili kupitia idara ya uhamiaji. Mtu aliyeachana Minneapolis, kisha akahamia Texas, kisha akaoa Mombasa, akitaka kumleta mkewe lazima aambatanishe na fomu ya I-130 ushahidi kwamba ndoa ya kwanza iliisha kisheria. Texas haina cha kumpa. Ni lazima aiandikie kaunti ya Hennepin, Minnesota, aombe nakala iliyothibitishwa kwa muhuri, na airuhusu kuchukua muda wake.

Nani mwingine aruhusiwe kusoma? Majibu yanatofautiana kama sheria zenyewe. New York hufunga majalada ya talaka kwa miaka 100 kwa kila mtu asiye mhusika. Nevada, mwaka uleule wa wiki sita, iliruhusu upande mmoja kuomba kesi isikilizwe faragha na ushahidi ufungwe, huku malalamiko na hukumu vikibaki wazi. Siri ilikuwa sehemu ya bidhaa iliyouzwa. Februari 2024, katika shauri lililofunguliwa na mwandishi wa habari za mahakama, Mahakama Kuu ya Nevada iliamua kwamba umma una haki ya kikatiba ya kuhudhuria kesi za madai, za kifamilia zikiwemo, na kwamba mlango haufungwi tena kwa sababu tu mmoja wa wahusika ameomba. Jaji bado anaweza kuufunga, ila kwanza aonyeshe madhara yatakayotokea na kwa nini hakuna njia nyingine ya kuyazuia.