Kuuza nyumba Bunia: rangi kwanza, ao karatasi?

Mwenye kuuza nyumba mujini Bunia, ikuwe Mudzipela ao Bankoko, anaanzaka na rangi. Anafagia kiwanja, anapigilia mabati yenye kulegea. Ni vizuri, na choo kisisahaulike: mununuzi atafungua mlango wake. Lakini ukuta wa matofali mabichi ukilowa chini, heri kuutengeneza kuliko kuupakaza rangi. Mvua moja tu itaonyesha yote.

Mununuzi wa Bunia anaogopa zaidi kununua mambo. Wakati wa vita ya 2002 na 2003 watu walikimbia, wakarudi na kukuta wengine ndani ya nyumba zao. Kwa hiyo anaomba karatasi mbele ya bei.

Kufuatana na sheria ya 1973, udongo ni wa Serikali. Haki ya mutu juu ya kiwanja inahakikishwa na setifika ya konservatere. Fishi ya kiwanja peke yake haitoshi. Majirani waitwe waonyeshe mipaka. Kama muuzaji ameoa, bibi naye akubali: sheria ya familia, iliyorekebishwa 2016, inadai hivyo. Nyumba ya urizi, ndugu wote wasaini mbele dola hazijahesabiwa. Yule hakuulizwa ndiye atafika siku ya kuhama.