GPS na sona katika Ziwa Tanganyika: mwongozo kwa wanunuzi na wasafirishaji wa ndagala

Ndagala wanaouzwa Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura, huvuliwa usiku mbali na mtaa huo, kisha huletwa kwa barabara kutoka mialoni. Bei yao huanza kupangwa majini: boti imezunguka kiasi gani, na imechoma lita ngapi kabla ya kupata samaki. Kwa kuwa petroli imeadimika mara nyingi Burundi katika miaka ya karibuni, mfanyabiashara anayemkopesha mvuvi mafuta huweza pia kuombwa achangie vifaa vya kutafutia samaki. Makala hii inaeleza vifaa hivyo vinaweza nini na haviwezi nini.

GPS hufanya kazi gani?

GPS hupokea ishara za setilaiti na kuonyesha mahali ulipo. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kupunguza usahihi wake kwa raia, kosa lilishuka kutoka mita 100 hivi hadi mita kumi na kitu au chini ya hapo. Simu yenye GPS huonyesha mahali hata pasipo na mtandao, ilimradi ina chaji na anga iko wazi. Lakini GPS haioni samaki. Kazi yake ni kukumbuka mahali.

Sona hufanya kazi gani?

Sona hutuma sauti chini ya boti na kusikiliza mwangwi. Katika maji ya ziwa sauti husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde, hivyo mwangwi wa kitu kilicho mita 75 chini hurudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwamba hurudisha mwangwi mkali, tope hurudisha hafifu. Samaki huonekana hasa kwa sababu ya kifuko cha hewa kilicho mwilini mwao.

Sauti ya kilohezi 200 huonyesha mambo madogo kwa uwazi zaidi. Ya kilohezi 50 hufika mbali zaidi chini. Usidanganyike na bei ya kifaa cha kina kikubwa. Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470, lakini upande wa kaskazini oksijeni huishia kwenye mita 100 hivi. Chini ya hapo samaki hawaishi. Kifaa kinachosoma vizuri mita 150 kinatosha kwa wavuvi wa Bujumbura na Rumonge.

Makazi yanabaki, ndagala wanahama

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Miamba, mteremko wa chini ya maji na ukingo wa mchanga havihami. Mvuvi wa sangala au kuhe akiviona kwa sona na kuvihifadhi kwenye GPS, atarudi hapo hapo mwezi ujao.

Ndagala na mukeke (Kigoma huitwa dagaa na migebuka) ni samaki wa maji ya wazi. Mchana ndagala hushuka, usiku hupanda juu. Kati ya 1995 na 1998 meli ya utafiti Tanganyika Explorer ilipima samaki wa ziwa kwa sauti. Utafiti wa miaka hiyo ulionyesha ndagala wengi zaidi kaskazini na mukeke wengi zaidi kusini. Hilo ni eneo la mamia ya kilomita, si nukta ya kurudia kila usiku. Kwa ndagala, sona husaidia kuamua pa kuwasha taa usiku huo. Nukta ya jana haina dhamana.

Andika namba sawasawa

Nukta ikitumwa kwa simu, hakikisha namna ya kuandika ni moja. Latitudo ya digrii 3 na dakika 30 kusini ni sawa na 3.5, si 3.30. Tofauti yake ni kilomita 22 hivi: nukta iliyokuwa majini kusini ya Bujumbura itahamia nchi kavu, kwenye bonde la Rusizi.

Mpaka na msimu

Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zinagawana ziwa hili, na mstari wa mpaka hauonekani majini. GPS yenye ramani ya mpaka inaweza kumwokoa mvuvi asikamatwe na kunyang'anywa injini. Nchi hizo nne zilitia saini mkataba wa pamoja wa ziwa mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Msafirishaji aulize tarehe za kila mwaka kabla ya kukodi gari.

Kabla ya kutoa fedha

Uliza mvuvi anatafuta samaki gani. Kama ni wa miambani, anza na GPS na sona pamoja. Kama ni ndagala, mkubaliane kwanza kuandika kila usiku lita zilizotumika na kilo zilizopatikana, kwa mwezi mmoja bila kifaa na mwezi mmoja nacho, mkilinganisha siku zilezile za mwezi mwandamo, kwa sababu mbalamwezi hupunguza nguvu ya taa. Lita zisiposhuka kwa kila kilo, kifaa hakijalipa.

Na kumbuka: sona huwaonyesha samaki waliopo, haiwaongezi. Boti zote zikiwa nazo na samaki wakipungua, deni la kifaa litabaki palepale.