Karatasi za kuchorea watoto: namna ya kuzipata kwa gharama nafuu

MTOTO anayejifunza kuchora huhitaji karatasi nyingi kuliko anavyohitaji karatasi nzuri. Wazazi wengi hulisahau jambo hili wafikapo dukani, wakanunua kitabu kimoja cha bei ghali, kisha wakamwonya mtoto asikiharibu. Naye akishaogopa kuharibu, huacha kuchora. Au huchora kisirisiri katika daftari la Hisabati na kuishia kuadhibiwa.

Suala hili limepata uzito zaidi tangu Mtaala wa Umilisi (CBC) ulipoanza kutekelezwa katika madarasa ya chini mwaka wa 2019, kwa kuwa kuchora na kupaka rangi ni sehemu ya masomo. Hata hivyo, mzazi mwenye kipato kidogo anaweza kuitimiza haja hiyo, mradi azifahamu aina za karatasi na mahali zinapopatikana.

Piga hesabu kwanza

Dukani, usitazame bei ya kitabu bali bei ya karatasi moja. Igawe bei kwa idadi ya karatasi, wala si ya kurasa, maana kila karatasi ina kurasa mbili. Kitabu cha kurasa 40 kina karatasi 20 pekee.

Rimu moja ya karatasi za A4 ina karatasi 500. Mtoto akitumia karatasi tatu kila siku, rimu hiyo itamtosha kwa zaidi ya miezi mitano. Akichora pande zote mbili, itakaribia miezi 11. Iwapo bei ya rimu ni mzigo, majirani wawili au watatu wanaweza kuchanga fedha na kugawana. Kununua karatasi moja moja katika maduka ya kunakili ni rahisi siku hiyo, ila mwishowe hugharimu zaidi.

Uzito na matumizi

Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu katika kila mita mraba. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina gramu 80, na inafaa kwa penseli na krayoni. Karatasi ya gazeti ni nyepesi zaidi, takriban gramu 45. Hupasuka upesi ikisuguliwa kwa kifutio na hugeuka manjano ikikaa juani, lakini yatosha kwa mazoezi ya kila siku.

Rangi za maji huifanya karatasi nyembamba ijikunje na kutoboka. Kwa kazi hiyo, nunua manila. Ni nafuu kununua karatasi kubwa na kuikata mwenyewe: ukubwa wa A1 hutoa vipande vinane vya A4.

Zinazopatikana bure

Ofisi nyingi hutupa karatasi zilizochapishwa upande mmoja. Omba ruhusa kwa msimamizi, nawe utapata rundo la kutosha muhula mzima.

Aidha, wachapishaji wadogo, kama wale wa River Road na mitaa ya karibu jijini Nairobi, hubaki na vipande wanapopunguza kingo za vitabu, kadi na mabango. Vipande hivyo huwa vyembamba, lakini mtoto wa chekechea hafungwi na kipimo. Mitambo ya kuchapa magazeti nayo hubakiza karatasi tupu mwishoni mwa kila roli.

Nyumbani, kalenda ya mwaka uliopita ina mgongo mweupe na mpana. Pakiti ya unga iliyotengenezwa kwa karatasi ikifunguliwa kwenye maungio na kupanguswa, huwa karatasi imara. Ikiwa upande wake wa ndani ni wa kaki, chaki nyeupe na mkaa hudhihirika vizuri juu yake.

Tahadhari

Si kila karatasi ya bure inamfaa mtoto. Mifuko ya saruji iepukwe, kwani vumbi lake huchoma ngozi na macho. Risiti za dukani zinazochapishwa kwa joto hupakwa kemikali, hivyo hazifai kuchezewa. Ondoa pini za stepla kabla ya kumpa mtoto karatasi za ofisini.

Vilevile, kagua maandishi yaliyopo. Karatasi zenye majina ya wagonjwa, nambari za vitambulisho au hesabu za benki zisitoke ofisini. Tangu mwaka wa 2019, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data inayohifadhi habari za watu binafsi.

Kushona kijitabu

Chukua karatasi nane za A4, zipange sawasawa na uzikunje katikati kwa pamoja. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, pitisha sindano na uzi, kisha ufunge fundo. Utapata kijitabu cha kurasa 32, na kipande cha manila kitakuwa jalada lake.

Manila itengewe picha za kupeleka shuleni au kutundikwa ukutani. Karatasi za kawaida ziwekwe mahali ambapo mtoto anazifikia mwenyewe bila kuomba, na asiulizwe ametumia ngapi. Picha moja anayoionea fahari huenda ikatanguliwa na kumi alizozitupa.