Waya Ndio Sikio, Waya Ndio Mkono

Baada ya kipindi chetu cha kuwasindikiza wazazi hospitali, wengi mmeuliza kuhusu ile "mashine ya moyo" ambayo mzee amewekewa kifuani. Basi leo naandika historia yake, hasa ile sehemu ambayo hatuiongelei: waya.

Tuanze na Michel Mirowski, daktari mzaliwa wa Warsaw. Miaka ya 1960 alimpoteza mkuu wake wa kazi kwa ugonjwa wa moyo kwenda mbio ovyo. Akajiuliza, kwa nini mashine ya kushtua moyo isikae ndani ya mwili wa mgonjwa mwenyewe? Wenzake wengi walimbeza. Yeye na Morton Mower hawakuacha, na Februari 1980, Johns Hopkins mjini Baltimore, mgonjwa wa kwanza akawekewa. Marekani iliidhinisha kifaa hicho mwaka 1985.

Kisanduku chenyewe kina betri na kompyuta ndogo, na hukaa chini ya ngozi karibu na bega. Lakini bila waya unaopita kwenye mshipa hadi ndani ya moyo, ni kiziwi na hakina nguvu. Waya ndio unaosikiliza mapigo, na ndio unaopeleka shoti. Sasa fikiria: moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, na kila pigo linautikisa waya. Kwa miaka kumi ni zaidi ya mara milioni 350! Betri ikiisha, kisanduku hubadilishwa. Waya hubaki palepale, na kovu huota na kuugandisha kwenye mshipa.

Madaktari walitaka waya mwembamba, rahisi kupitisha. Mwaka 2004 kampuni ya Medtronic ikaleta Sprint Fidelis. Kwa kuwa ulihesabiwa kama marekebisho ya waya uliokwisha kukubaliwa, haukulazimika kujaribiwa kwanza kwa wagonjwa. Mwaka 2007 Robert Hauser na wenzake wa Minneapolis waliandika kwamba waya hizo zinakatika mapema mno. Oktoba mwaka huohuo kampuni ikasimamisha mauzo. Tayari watu wapatao 268,000 duniani walikuwa nazo. Fidelis, kwa Kilatini, ni mwaminifu.

Waya ukikatika, kisanduku husikia kelele na kudhani moyo umeharibika. Mtu yuko macho, anakunywa chai, anapigwa shoti, tena na tena. Au kinyume chake: moyo unaharibika kweli, na shoti haifiki.

Kisha ikaja zamu ya Riata, ya kampuni ya St. Jude. Huo ulikuwa na ugonjwa mwingine: nyaya za ndani zilisugua ganda la silikoni hadi zikatokeza nje. Mauzo yalisimama mwaka 2010, na 2011 mamlaka ya Marekani ikauweka kwenye daraja la hatari kubwa kabisa.

Kwa nini basi zisitolewe zote? Kwa sababu kuung'oa waya ulioshikwa na kovu kunaweza kuchana mshipa au moyo, na mtu akafa. Wagonjwa wengi waliambiwa wabaki nazo, wafuatiliwe kwa karibu. Yaani kilichokulinda ndicho unachokiogopa, na huwezi kukivua.

Ukweli ni kwamba vifaa hivi vimeokoa maisha ya watu wengi sana, na waya nyingi hufanya kazi miaka mingi bila shida. Mimi siandiki ili mama yako aogope. Naandika kwa sababu sisi ndio wakalimani kliniki, na neno "waya" mara nyingi tunaliruka. Safari ijayo usiliruke. Uliza jina la waya na mwaka uliowekwa, kisha uyaandike nyuma ya kadi ya kifaa. Muulize daktari waya unapimwa lini. Na mzee akisema "limenipiga", usimwambie apumzike tu. Piga simu kliniki siku hiyohiyo; yakiwa mapigo mawili matatu mfululizo, ita ambulensi.