Barabara ya Sake, barabara ya Gisenyi

Anayetoka Goma kwenda Sake ana Ziwa Kivu kushoto na milima ya volkano kulia, na mawe meusi ya lava karibu njia nzima. Barabara hiyo ndiyo iliyotajwa redioni tarehe 27 Mei 2021, pale Luteni Jenerali Constant Ndima, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, alipoamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame mara moja kwa hofu ya volkano ya Nyiragongo.

Majengo, Bujovu, Virunga: mitaa ilitajwa kwa majina, na watu wakaondoka kwa malaki, wengine kwa boti hadi Bukavu. Lakini mpaka wa mtaa uko kwenye karatasi. Nyumba mbili zinatazamana, moja imeamriwa kuondoka, nyingine haikutajwa. Nani atabaki kitandani? Na nadhani ardhi iliyotetemeka siku 5 mfululizo iliwashawishi zaidi kuliko jenerali. Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22, lava ikateketeza vijiji nje ya mji, hakukuwa na onyo lolote. Watu walikimbia bila kuambiwa, wengi wakiingia Rwanda.

Njia ya Gisenyi, mji wa Rwanda mpakani, waliijua tangu tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwani. Wakati huo Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD walioungwa mkono na Rwanda; serikali ya Kinshasa haikuwa na mkono huko. Ng'ambo ya mpaka wakimbizi walielekezwa kwenye kambi za Nkamira na Mudende. Wengi walikataa. Baada ya siku chache walirudi wakikanyaga lava ambayo bado ilikuwa na joto.

Waliotazama kwa mbali waliuita uamuzi huo ukaidi. Mimi siuiti hivyo. Watu wa Goma walikiona kipindupindu kikifagia kambi za wakimbizi wa Rwanda za 1994 mlangoni pao, na nyumba isiyo na mtu ni mali ya mwizi. Aliyewaambia waende kambini hakuwa na mamlaka ya kulinda walichokiacha upande wa pili.

Sake nako 2021 walifika umati, maji safi hayatoshi, wengine wakilala makanisani na shuleni. Amri ilisema waende wapi. Watakula nini huko haikusema. Tarehe 7 Juni Waziri Mkuu Sama Lukonde alitangaza kwamba watarudishwa kwa awamu. Baadhi yao walikuwa wamesharudi nyumbani.