Kihamba na Mibuni Yake

Wasikilizaji wetu, leo twataka kueleza habari za mti mgeni uliopokewa vizuri nyumbani hata wajukuu wakaudhani kuwa wa asili. Mti huo ni mbuni, na nyumba yake ni kihamba, yaani shamba la ukoo wa Wachaga katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro.

Mbuni huu asili yake ni misitu ya kusini-magharibi ya Uhabeshi. Kutoka huko ulivuka bahari hadi Yemeni, ambako watu waliulima na kuuza buni katika bandari ya Mokha. Kilimanjaro ulifika mwishoni mwa karne ya 19, ukapandwa na mapadre wa misheni ya Kilema.

Lakini kihamba kilikuwako kabla ya mbuni. Wazee walipanda migomba, na chini yake magimbi na maharagwe. Juu wakaiacha miti mirefu iwe kivuli. Walichimba mifereji, waiitayo mifongo, wakayaongoza maji ya mlimani hadi mashambani. Ng'ombe walifugwa zizini na kukatiwa majani, na samadi yao ikarudi migombani. Mpaka ulionyeshwa kwa mmea wa isale, ambao pia ni ishara ya amani, na ndani ya mpaka huo walizikwa wenye nyumba. Basi mbuni ulipofika ulikuta kivuli, maji na samadi vimekwisha kuandaliwa. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Charles Dundas, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Moshi, aliwahimiza Wachaga kupanda mibuni. Walowezi wengi walipinga, wakidai kwamba mashamba madogo yangeeneza wadudu na magonjwa. Tena waliogopa kukosa vibarua. Katika nchi jirani ya Kenya, Waafrika walizuiwa kwa miaka mingi kulima kahawa hiyo. Ili kuilinda mibuni yao, mwaka 1925 Wachaga waliunda chama cha wakulima, na Joseph Merinyo akawa miongoni mwa viongozi wake. Walipiga dawa pamoja na kuuza pamoja. Mwaka 1933 chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichukua mahali pake. Haikuwa raha tupu: mwaka 1937, bei ikiwa imeanguka, wakulima waliochukizwa na amri ya kuuza kwa chama hicho peke yake waliyavamia maghala.

Kazi yenyewe huitaka nyumba nzima. Matunda hayaivi siku moja, kwa hiyo huchumwa kwa mkono, mekundu tu, mara nyingi katika msimu mmoja. Siku ile ile hukobolewa, kisha buni huvundikwa hata utelezi ulegee, huoshwa kwa maji safi, na kuanikwa juu ya vichanja. Akichanganya mabichi na mabivu, au akichelewa kuanika, mkulima huharibu ladha yote. Na ladha ndiyo bei.

Kwa fedha hizo watoto walisomeshwa, na nyumba za bati zikajengwa. Hapa ndipo penye fumbo: mti uliowasomesha watoto ndio uliowapeleka mbali nao. Vihamba navyo vimegawanywa kizazi baada ya kizazi hata vikawa vipande vidogo. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vikarudishwa mwaka 1984. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya mauzo ya kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka vibaya. Wengi waliiacha mibuni izeeke, na wengine waliing'oa.

Hatuwezi kumlaumu mtu aliyeng'oa mti usiomlisha. Hata hivyo yatupasa kujua kinachopotea. Mbuni mkongwe ukikatwa, kisiki chake huchipua tena. Na huko Lyamungu, ambako utafiti wa kahawa ulianza katika miaka ya 1930, imepatikana miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Miti, basi, yaweza kurudishwa. Bali maarifa ya mzee, ya kujua wapi mfongo huziba na tunda lipi limeiva barabara, hayana kisiki cha kuchipua. Enyi vijana, waulizeni wazee wenu habari hizo wangali hai, tena mkiwa na jembe mkononi.